Lushoto, mji wa milimani unaofaa likizo ya familia

Kila shule zinapokaribia kufungwa, Juni na Desemba, mazungumzo ya likizo katika nyumba nyingi za Dar es Salaam huzunguka sehemu zilezile: Zanzibar kwa wenye nafasi, mbuga za wanyama kwa waliodunduliza mwaka mzima, Bagamoyo kwa wanaotaka pwani ya karibu, na kijijini kwa bibi kwa wengi waliobaki. Lushoto haitajwi sana, na ikitajwa hukumbukwa kwa kabeji na karoti zinazoshushwa sokoni Kariakoo, au kwa chuo cha uongozi wa mahakama ambako ndugu fulani aliwahi kusoma. Mimi nimeifahamu Lushoto nikiwa mzazi anayesafiri na mume, watoto wenye umri unaopishana sana na mama yangu mzazi ambaye magoti yake hayamruhusu tena kutembea mwendo mrefu, na kwa msafara wa namna hiyo sijaona mahali pengine katika nchi yetu panapotufaa zaidi.

Nasema hivyo kwa sababu moja kubwa. Likizo ya familia hufanikiwa pale ambapo watu wa rika tofauti wanaweza kufanya jambo moja kwa pamoja bila kulipia kila hatua wanayopiga. Mbugani, pamoja na uzuri wake wote, mtoto hukaa garini kutwa nzima kwa kuwa sheria na simba havimruhusu kushuka. Ufukweni, watoto huenda majini, wakubwa hukaa kivulini na simu zao, na jioni familia hukutana mezani kama watu waliotoka safari tofauti. Lushoto shughuli kuu ni kutembea kwa miguu, na kutembea huwalazimu watu kuzungumza, kungojana na kutazama kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Mji wenyewe uko katika Milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Ukitoka Dar es Salaam unafuata barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, unapita Segera na Korogwe, na unapofika Mombo unaiacha barabara hiyo na kuanza kupanda. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami nyembamba inayojipinda ubavuni mwa mlima, huku mto ukisikika chini ya korongo na miamba ikining'inia juu. Kwa kuwa joto hupungua kwa takribani nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, mabadiliko hayo watoto huyapata mwilini kabla hawajayasoma darasani: Mombo, katikati ya mashamba ya mkonge, wanalalamika kwamba gari linachoma, kufika Soni, wanauliza sweta ziko begi gani. Kona za barabara hii huwachafua tumbo baadhi ya watoto, hivyo ni vizuri wasile chakula kizito Mombo, dereva aende taratibu, na tangawizi iwepo karibu.

Soni ni mahali pa kusimama bila kujadiliana. Maporomoko ya maji yako karibu na barabara, na akina mama wanaouza matunda hulifikia gari kabla halijazimwa. Kama ni Desemba, kuna plamsi zilizojazwa kwenye visado, na mara nyingine fyulisi na peasi, matunda ambayo kwa mtoto wa Dar es Salaam ni ya dukani, yaliyofungwa kwa nailoni na kuuzwa moja moja kwa bei ya kuumiza. Mama yangu ndiye hushughulikia biashara hii. Huanza kwa kupokea shikamoo, huuliza habari za mashamba na za mvua, huinua plamsi moja na kuibonyeza kwa kidole gumba, kisha ndipo huuliza bei. Wakishakubaliana, muuzaji hujaza kisado mpaka kilima kinasimama juu ya ukingo, akaimimina katika mfuko, halafu akachota viganja viwili vya nyongeza "kwa ajili ya wajukuu." Watoto huyaosha matunda hayo kwa maji ya chupa pembeni mwa barabara na kuyala wamejikunja mbele ili maji mekundu yasidondokee nguo. Bado hatujafika tunakokwenda, na tayari kila mtu ameshiriki jambo lilelile, kuanzia mdogo kabisa hadi bibi.

Katika mji wenyewe hakuna vivutio vya kuandikwa kwenye mabango. Kuna barabara kuu fupi, soko, stendi, majengo ya zamani ya serikali, makanisa na misikiti, na milima imeuzunguka pande zote. Wajerumani waliouteka ukanda huu mwishoni mwa karne ya 19 waliuita mji Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao, wakaufanya mahali pa kukimbilia joto la pwani. Jina hilo limekwisha, lakini sababu iliyowaleta ipo palepale, na nadhani ni haki yetu sasa kuifaidi hewa hiyo kuliko walivyoifaidi wao. Alfajiri adhana husikika kutoka bondeni, Jumapili kengele za Walutheri hujibu kutoka upande mwingine, na kwenye mgahawa wa kawaida unapata wali maharage na mnavu, ndizi, viazi na nyama ya halali bila kuuliza maswali mengi. Kwa familia yenye watoto na mzee, urahisi wa chakula kinachofahamika una uzito wake.

Sokoni ndiko ninakoshauri mzazi aanzie. Watoto wangu walikuwa wanajua kwamba karoti hutoka genge la jirani. Lushoto waliziona zikioshwa mtoni, zikipangwa kwenye magunia, nyanya zikijazwa kwenye matenga yaliyosukwa kwa fito, na jioni Fuso zikipakiwa tayari kwa safari ya usiku kuelekea Dar es Salaam. Mabondeni waliona mifereji midogo inayogawa maji kutoka shamba moja hadi jingine, kwa zamu. Mtoto wangu wa kati, ambaye nyumbani huacha karoti pembeni ya sahani, alitembea na kijana mmoja kutoka mfereji hadi mfereji akiuliza nani anaamua zamu, na nini hutokea mtu akiiba maji usiku. Alijibiwa kwa ukamilifu, kama mtu mzima. Sijui darasa ambalo lingempa somo hilo kwa njia bora zaidi.

Kwenye mteremko mmoja tulipumzika karibu na mzee aliyekuwa akilima matuta. Alitueleza kwamba utawala wa Kiingereza, katika miaka ya 1950, uliwalazimisha wakulima wa Usambara kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, kwa amri na kwa faini, juu ya mashamba ambayo tayari yalikuwa madogo. Watu waligoma, wakapinga kwa nguvu, na mpango ule ukafutwa kabla ya uhuru. Leo matuta yapo, na mzee yule aliyachimba mwenyewe, kwa mpangilio anaoutaka, akapanda majani ya ng'ombe kwenye kingo zake ili udongo ushikwe na mifugo ipate chakula. Baba watoto, ambaye hufundisha, alinyamaza akimsikiliza kwa heshima niliyokuwa sijaiona usoni mwake kwa muda mrefu, na usiku ule mazungumzo ya mezani yalikuwa juu ya tofauti kati ya jambo jema unalolazimishwa na jambo lilelile unapolichagua.

Matembezi yanayojulikana zaidi ni ya Irente. Kutoka mjini ni mwendo wa kilomita chache wa kupanda taratibu kupitia vijiji na mashamba, na mtoto wa shule ya msingi anaumudu vizuri akipewa nafasi ya kusimama. Mama yangu hukodi gari na kutungojea kwenye shamba la Irente, ambalo ni mali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri na hutengeneza jibini, mkate wa ngano nyeusi na jamu. Hapo tunakula chakula cha mchana kwenye nyasi, chini ya miti, bila haraka, kisha tunaendelea pamoja hadi kwenye mwamba. Karibu na shamba kuna kituo cha kulelea watoto na shule ya watoto wasioona. Nimesikia wageni wakiulizia kuvitembelea kama sehemu ya matembezi, na kwa hili nina msimamo: watoto wa wenzetu hawawi maonyesho kwa watoto wetu. Mwenye nia ya kusaidia anaweza kuacha mchango ofisini na kuendelea na safari yake.

Mwamba wa Irente ndio mahali ambapo hata kijana wa miaka 15 huweka simu mfukoni. Ardhi inakatika ghafla, na takribani mita 1,000 chini yako kuna Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari iliyonyooka, reli ya Tanga, barabara kuu, na ng'ambo yake nyika ya Wamasai inayoendelea mpaka macho yanachoka. Malori yanayotoka Arusha yanaonekana kama siafu walio katika safari yao. Binti yangu mkubwa aliuliza kwa nini mistari ile ya kijani imenyooka vile, na swali lake likafungua mlango wa maongezi marefu: mkonge si mmea wa kwetu, mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani, na miche michache iliyonusurika ndiyo iliyozaa mashamba yaliyoubadilisha mkoa wote wa Tanga. Reli ilifika Mombo mwaka 1905. Watu waliletwa kutoka mikoa ya mbali kuukata mkonge ule, na wajukuu wao wako hadi leo Korogwe, Muheza na Tanga mjini. Mama yangu anawajua baadhi yao kwa majina ya koo. Aliketi juu ya jiwe akasimulia habari ambazo mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuzisikia, kwa sababu nyumbani hakuna mwamba unaotazama mashamba yale na kumkumbusha.

Niseme pia jambo la usalama. Kwenye mwamba ule mtoto mdogo ashikwe mkono muda wote, na kama kuna ukungu ni afadhali kusubiri, kwani ukungu wa Usambara huja na kuondoka ndani ya muda mfupi.

Siku ya msitu wa Magamba ndiyo inayohitaji maandalizi zaidi, na ndiyo watoto wanayoizungumzia mpaka leo. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, umbali mfupi kutoka mjini. Kuna kiingilio, ambacho kwa raia ni nafuu kuliko kwa wageni wa nje, na ni lazima kuwa na mwongozaji. Chukueni kijana wa pale pale. Anajua njia zipi zina utelezi, na fedha mnayomlipa hubaki katika vijiji vinavyopakana na msitu, vijiji ambavyo vikikosa faida yoyote havitakuwa na sababu ya kuulinda.

Milima ya Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, mfululizo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Unyevu wa Bahari ya Hindi umeilisha misitu yake kwa muda mrefu mno, na kwa kuwa kila mlima umezungukwa na nyika kavu, mimea na wanyama wake wameishi peke yao kama waliotengwa, wakageuka kuwa aina ambazo hazipatikani penginepo duniani. Ua dogo la zambarau ambalo Wazungu hulipanda katika vyungu madirishani lilitoka katika milima hii: mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga wakati huo, alilipeleka kwao Ujerumani, na mwaka uliofuata likapewa jina la ukoo wake. Mimi hufurahi kumwonyesha mtoto wa Kitanzania kwamba kitu kinachothaminiwa mbali kiasi hicho kilianza kwetu.

Lakini aliyeuteka moyo wa mwanangu mdogo alikuwa kinyonga. Mwongozaji alisimama ghafla, akainamisha tawi la kichaka kando ya njia, na palikuwa na dume la kijani lenye pembe mbili fupi zilizochongoka mbele ya pua, zenye magamba kama ngozi yake. Ni aina ya Usambara Magharibi tu, alituambia. Jicho moja la kinyonga lilimtazama mwanangu na jingine likamgeukia mwongozaji. Mtoto, ambaye kama watoto wengi wa kwetu alikua akiambiwa kwamba kinyonga ni mkosi, alirudi nyuma akajificha katika kanga yangu. Mwongozaji hakumcheka wala hakumlazimisha. Aliliachia tawi taratibu, akachuchumaa kimo cha mtoto, akamweleza jinsi mnyama yule anavyoshika tawi kwa vidole vilivyogawanyika pande mbili, na kwa nini hutikisika anapotembea, mithili ya jani linalopeperushwa. Tulikaa hapo mpaka kinyonga alipovuka tawi zima, na kwa mwendo wake hilo lilichukua muda. Mwisho mtoto mwenyewe ndiye aliyeomba tusimsumbue zaidi. Juu yetu mbega weusi wenye mabega meupe waliruka kutoka mti mmoja hadi mwingine, wakitikisa matone ya ukungu yakatudondokea vichwani.

Katika mapumziko ya msituni tulisimuliwa habari za Mbegha, na hili pia ningependa kila familia ilipate kwa mdomo wa Msambaa. Alikuwa mwindaji kutoka Nguu, aliyenyimwa urithi na ndugu zake kwa kuwa alizaliwa kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza. Akakimbilia Usambara, akawa anawapa wenyeji nyama ya nguruwe pori nao wakimpa vyakula vya shambani, akaua simba aliyekuwa akiwasumbua, na wakamfanya mfalme wao huko Vugha. Kizazi chake, Wakilindi, kilitawala milima hii, na Kimweri ye Nyumbai, aliyekuwa mtawala mashuhuri kuliko wote katika karne ya 19, mamlaka yake yalifika hadi pwani. Mmisionari Krapf alipomtembelea mwaka 1848 alikuta utawala uliopangika. Watoto wetu hukariri majina ya wafalme wa Ulaya kwa ajili ya mitihani, na hawa wa Usambara huwapita pembeni wakiwa kilomita mia chache tu kutoka nyumbani.

Usiku Lushoto ni baridi, na baridi hiyo ina kazi yake. Mwezi Juni hadi Agosti joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, na baadhi ya nyumba za wageni zina meko ndani ya sebule. Familia nzima hukusanyika mbele ya moto kwa kuwa hakuna mahali pengine penye joto. Hapo ndipo bibi anapotega vitendawili, watoto wakubwa wanapokumbuka kucheza karata, na kila mtu analala mapema bila kuamrishwa. Mbu ni wachache kuliko pwani, ingawa chandarua kikiwepo kitumike. Kuna malazi ya mashirika ya dini, yaliyo safi na ya bei ya kawaida, na kuna nyumba za watu binafsi za viwango mbalimbali. Kabla ya kulipa, uliza juu ya maji ya moto na idadi ya mablanketi, hasa mkiwa na mzee. Mwaka mmoja tulifikia mahali ambapo maji ya moto yaliahidiwa kwenye simu na hayakuwepo bombani, na mama yangu aliteseka mpaka tukahama.

Zipo familia ambazo mji huu hautazifaa. Anayetaka bwawa la kuogelea, bembea na sehemu za michezo ya watoto atachoka siku ya pili. Anayechukia kupanda na kushuka hatafurahi, kwa kuwa sehemu tambarare ni haba. Na safari kutoka Dar es Salaam ni ndefu, huchukua sehemu kubwa ya siku, hivyo sioni busara ya kwenda kwa mwisho wa wiki wa kawaida. Kwa mwenye siku za kutosha, unaweza kuongeza Mlalo, au kufika hadi Mtae, kijiji kilichoketi kwenye ukingo wa milima upande wa kaskazini, ambako nyika ya Mkomazi inaonekana chini yako. Barabara ya huko ni ya vumbi na inachosha, nami ningeiacha kama kuna mtoto mchanga.

Kuhusu majira, epukeni masika, kuanzia Machi hadi Mei, kwa sababu njia za vijijini huteleza na udongo huweza kuporomoka barabarani. Juni na Julai ni kavu na baridi, anga mara nyingi ni safi baada ya ukungu wa asubuhi kuondoka, na kutembea hakumchoshi mtu. Desemba kuna mvua za vuli zinazomalizikia, zinazonyesha na kukatika, na njia zinaweza kuwa na matope. Lakini plamsi zimeiva, milima ni ya kijani kibichi, na Wasambaa wanaoishi mijini wanakuwa wamerudi kwao, jambo linaloufanya mji mzima kuwa na uchangamfu wa familia zilizokutana. Sisi tukiwa na mama yangu huenda Desemba, kwa sababu ya magoti yake na baridi ya Juni. Vyumba mwezi huo hujaa mapema, kwa hiyo tunapiga simu mwezi Oktoba.